Kamba ya Biriani na Kifua cha Bi Zuhura

Alhamisi. Joto la kaskazi limekaa juu ya Mji wa Kale tangu alfajiri, na upepo umekataa kuingia vichochoroni. Naandika nimeketi barazani, mlango nyuma yangu uko wazi nusu, nipate kumsikia mke wangu akivuta pumzi. Amelala kwa ubavu wa kulia. Huo ndio ubavu unaomruhusu.

Wale mnaokuja hapa kutafuta pishi, leo hamna pishi.

Mjukuu wangu alinifungulia ukurasa huu ili niandike namna ya kupika, na mimi nimeandika, na watu wamesifu, maana ni haki yao kusifu. Naandika kwa kidole kimoja. Chuoni nilihitimu Kurani, lakini skuli niliishia darasa la tatu. Hata hivyo nipe mchele wa watu elfu moja, nitakwambia nazi ngapi, mbuzi wangapi na chumvi kiasi gani, na sitashika karatasi. Kwa miaka arobaini hakukuwa na harusi kubwa, kuanzia Ngomeni mpaka Makadara, ambayo wenyewe hawakunitafuta mimi kwanza. Wakinikosa ndipo huenda kwa wengine.

Nasema haya kwa sababu sifa hizo ndizo zilizonifikisha hapa.

Neno lenyewe nimeliandika nikalifuta mara nne. Naliandika mara ya tano na siligusi tena. Ugonjwa unaommaliza mke wangu nadhani umetoka mkononi mwangu, na mpaka leo mchana yeye alikuwa hajui.

Basi nieleze.

Siri ya biriani ni mvuke. Unaivisha kwanza rojo, unaweka wali juu, unafunika, kisha unapalia makaa juu ya mfuniko. Mvuke ukitoroka, wali wa juu hukauka na nyama ya chini huungua. Wapishi wote huziba ukingo wa mfuniko kwa unga uliokandwa. Unga hupasuka, hudondoka ndani, na ukiwa na masufuria ishirini unahitaji mtu wa kukanda tu. Mimi sikuziba kwa unga. Mimi niliziba kwa kamba.

Kamba hiyo alinipa rafiki yangu Wafula, Mluhya, Mkristo, fundi wa boila katika karakana moja ya meli. Alikuwa akikaa upande wa Makupa. Nilimpikia harusi ya dada yake, wageni wake wa bara wakala mpaka wakasahau ugali, naye akaniletea shukrani yake ndani ya gunia. Ilikuwa nyeupe, nene kama dole gumba, laini kama sufi. Akasema huko melini huizungusha kwenye mabomba ya moto.

"Hii, bwana Saidi, hata uitie motoni haiungui."

Nikaitia motoni pale pale mbele yake. Haikuungua.

Niliizungusha kwenye ukingo wa sufuria, nikabana mfuniko, nikapalia makaa. Nilipofungua, harufu ilifika msikitini kabla ya mwadhini. Toka siku hiyo jina langu lilipaa. Na mimi, kwa kupenda kutazamwa, nikafanya mchezo. Kabla ya kuziba masufuria naitupa kamba katikati ya kuni zinazowaka, wageni wakimaka, kisha naitoa kwa koleo, nyeupe vile vile. Wanaume wazima walikuwa wakiacha maongezi waje kuona.

Wapishi wenzangu walinibembeleza niwaambie inatoka wapi. Sikuwaambia. Leo namshukuru Mungu kwa uchoyo wangu.

Baada ya kila harusi kamba ilirudi nyumbani imeganda mafuta na masizi. Niliitia motoni mafuta yaungue, na kesho yake ilibidi ipigwe mpaka majivu yatoke. Kazi hiyo sikuifanya mimi. Mimi ni mpishi, si mwosha vyombo. Aliifanya mke wangu, Bi Zuhura, uani, kwenye jiwe, kwa kipande cha ubao. Pa, pa, pa. Uani kwetu jua hushuka kama maji kwenye kisima, na ndani ya jua hilo vumbi lilikuwa likipanda, jeupe, jepesi, likikataa kutua.

Aliniambia. Hilo ndilo linaloninyima raha. Si kwamba hakuniambia.

"Baba Swafia, hili vumbi lanikuna koo. Na mikono yanichoma. Kwani unga una ubaya gani? Mamangu alipika kwa unga na watu wakijilamba."

"Mamako alipikia watu kumi," nikamjibu. "Mimi napikia mji."

Akatwaa ubao wake akaendelea. Alisema tena mwaka wa pili, na mwaka mwengine tena. Mara ya mwisho nilimwambia kama amechoka kazi ya nyumba aseme, nilete mke mwengine. Nilisema kwa mzaha. Hakucheka. Hakulitaja jambo hilo tena, na kamba aliipiga miaka kumi na minane, mpaka ikalika ikawa vipande vipande.

Wafula alistaafu akarudi kwao. Nikasikia amekufa kwa kifua. Nikasema ni sigara. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba Wafula hakuwahi kuvuta sigara.

Kifua cha Bi Zuhura kilianza mwaka juzi. Ngazi alizozipanda maisha yake yote zikamshinda katikati. Akafanyiwa picha, akatolewa maji kifuani, maji mengi, rangi ya chai ya rangi. Daktari akatukalisha. Saratani, akasema, imeshika ule utando unaofunika pafu. Akauliza kwa upole kama mama huyu amewahi kufanya kazi kiwandani, au melini, au penye kuezeka mapaa.

Mimi ndiye niliyejibu. "Daktari, mke wangu hajaajiriwa hata siku moja. Nimemweka ndani kama malkia."

Daktari akaandika. Bi Zuhura akatazama viatu vyake.

Nilitoka pale nimejaa hasira na nimejaa ujuzi. Mimi nikishika jambo silishiki kwa mkono mmoja. Nilichemsha majani ya mstafeli asubuhi na jioni. Habasoda na asali. Mlonge. Mwarobaini, mpaka chai yake ikawa chungu. Nikaita mtu akampiga chuku mgongoni. Nikamwandikisha kombe, aya za Kurani kwa zafarani, akanywa. Nikamkataza nyama, sukari, wali mweupe, na chochote kingine alichonitajia mtu nacho nilikikataza. Yule ambaye kinywa chake kilizoea biriani yangu, nikamlisha majani kama mbuzi. Akakonda. Nikasema ni sumu inatoka.

Na ile dawa ya maji ya maumivu aliyopewa hospitali, niliificha juu ya kabati. Niliambiwa ni ndugu wa ule unga wa kulevya wa mateja, vijana wanaosinzia kwenye kona. Sikutaka mke wangu alewe.

Wiki mbili aliuma kanga.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni Sista Kadzo, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, mtoto wa Kaloleni, mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo. Huja kila Jumanne. Siku ya kwanza alinisalimu kwa heshima zote, shikamoo na hali zenu, akamtazama mgonjwa, kisha akaniuliza dawa iko wapi. Nikamweleza kuhusu mateja.

"Mzee wangu," akasema, "huyu Bi Zuhura hawezi kufika chooni bila kushikwa. Wewe waogopa atashika njia kwenda maskani?"

Bi Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi.

Nikaishusha dawa.

Sista hakunifukuzia kombe wala habasoda. Alisema dua na Kurani nimsomee, ni haki ya moyo wake, lakini nisimpokonye dawa ya mwili. Majani machungu akanikataza, kwa kuwa yanamharibia hamu ya kula na hayajulikani yanagombana vipi na dawa zake. Akasema ale chakula anachokitamani yeye, kidogo kidogo. Akaonyesha namna ya kumwegemeza kwa mito, feni imvumie usoni, avute pumzi taratibu akihesabu tasbihi. Miguu nimkande kwa mafuta ya nazi. Watu waje, wazungumze, wasikae kama wako matangani. "Ugonjwa uko kifuani," akasema, "lakini mgonjwa ni mtu mzima, na nyumba yake pia ni mgonjwa."

Mimi si mtu wa kufundishwa na mtoto. Lakini nilimkanda miguu, na alilala.

Sasa nije kwenye lililo gumu.

Kiasi cha siku arobaini zilizopita nilikuwa nikipita karibu na Bandari ya Kale. Ghala moja kuukuu lilikuwa likivuliwa paa. Wafanyakazi walivaa nguo nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, na vifuniko vya pua, katika jua lile. Walikuwa wakimwagia maji bati za paa kabla ya kuzigusa. Nikasimama kucheka. Nikamwambia msimamizi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kwamba enzi zetu paa kama hilo lilivuliwa kwa nyundo na kikoi.

"Ndiyo maana wengi wa enzi zenu hawako," akanijibu.

Akaniambia hizo si bati, ni asbesto. Akaokota kipande kilichovunjika kwa glavu zake, akanionyesha ukingo. Kulikuwa na nyuzi nyeupe, laini, fupi. Akasema nyuzi hizo zikivunjika huwa ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, mtu huzivuta, zinakaa kwenye mapafu na hazitoki. Miaka hupita, ishirini, thelathini, hata zaidi, ndipo zinapodai. Na bora paa, akasema, kwa kuwa limechanganywa na saruji. Kibaya zaidi ni kile cha melini, kamba nyeupe za boila. Hazina kinachozifunga. Ukizipiga tu, zinaruka.

Ukizipiga tu.

Sikumbuki nilirudi nyumbani kwa njia gani.

Kipande kimoja cha kamba kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari jikoni. Nilikiweka ili wageni wakiuliza nipate la kusimulia. Nilikitwaa nikakitia kwenye jiko la makaa ili nikiharibu, nikapepea mpaka mkono ukaniuma. Kikawa chekundu. Kikapoa. Kikabaki cheupe, kisafi, kizima. Nilikaa nacho kitako pale jikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakiogopa kitu nilichokiweka motoni mwenyewe.

Kesho yake nilirudi kwa msimamizi. Nikamwambia ninacho. Sikumwambia nilikifanyia nini. Akaniagiza nikiloweshe maji, nikifunge katika mifuko miwili, nisikiguse kikavu, nisikipige wala kufagia vumbi lake. Alikuja mwenyewe kukichukua.

Toka siku hiyo naliona lile vumbi kila mahali. Shuka ikikung'utwa, naliona. Unga ukipepetwa, chokaa ikibanduka ukutani, mwanga ukipita dirishani saa nne asubuhi na chembe zikicheza ndani yake, nafunga dirisha. Sista amenikemea, mgonjwa anataka hewa. Nafungua. Nikikaa nasikia pa, pa, pa, nainuka kwenda uani, na uani hamna mtu. Jiwe lenyewe nililimwagia maji nikalisugua mara saba kama mtu anayetoharisha najisi.

Jambo linalonitia wazimu ni kwamba mimi ni mzima. Nina miaka sabini na minane na napanda ngazi bila kushika ukuta. Vumbi halikuwa langu. Vumbi nilimwachia yeye.

Jumanne hii Sista Kadzo alikaa na daftari lake akaanza kuuliza mambo ya nyumba. Wamepikia kuni miaka mingapi. Paa ni la nini. Kuna aliyevuta sigara humu. Akasema anataka kujua yaliyomzunguka mama huyu maishani, maana ugonjwa wake huu mara nyingi una mahali ulipotokea. Akanigeukia. "Mzee, hapakuwa na kazi yoyote ya vumbi?"

Nikasema, "Hapana."

Bi Zuhura akasema kutoka kwenye mito yake, kwa sauti yake hii ya siku hizi inayokatika, "Vumbi gani, mwanangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsafishia huyu bwana vyombo vya ufalme wake." Wakacheka wote wawili. Sista akafunga daftari.

Neno lilikuwa pale mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Jana ilikuwa mbaya zaidi.

Wasiojua desturi zetu, nawaeleza. Mtu akiuona mwisho wake hutaka radhi kwa watu. Jirani, ndugu, mtu uliyewahi kumnunia. Unamwomba akuwie radhi usiondoke na haki yake. Na kwetu mke hutaka radhi kwa mumewe kabla ya watu wote, tena tumefundishwa hivyo, na mimi nimelipenda fundisho hilo, sikatai. Bi Zuhura ameshaanza. Wanawake wa mtaa wanakuja mmoja mmoja, wanashikana mikono, wanalia kidogo, wanakunywa kahawa.

Jana baada ya alasiri akaniita nikae kitandani.

"Nakutaka radhi, Baba Swafia."

"Kwa nini, Mama Swafia?"

"Kwa yote. Na kwa ile kamba yako." Akapumzika. "Nalikuwa nikiipiga huku nikikunung'unikia moyoni. Miaka yote ile. Wewe watutafutia riziki, na mimi nalaani kamba yako kila nikishika ule ubao. Niwie radhi."

Nikamwambia nimekuwia.

Nililisema. Nikakaa pale kama sultani, nikamsamehe mtu niliyemtia nyuzi kifuani kwa kosa la kunung'unika. Kinywa changu kimezoea kusamehe, hakikuona tofauti.

Kisha nikafanya jambo la aibu kuliko hilo. Nikajaribu kupita dirishani. Nikamwambia, "Na wewe niwie radhi, kwa yote niliyokukosea."

Akanishika mkono. "N'shakuwia zamani, mume wangu. Umenikosea nini wewe? Ila hayo majani ya mstafeli." Akatabasamu.

Nikawa nimepata radhi. Nilikwenda msikitini na radhi yangu, nikasujudu, na kichwa kikakataa kuinuka. Nilijihisi kama mtu aliyeiba kiatu mlangoni pa msikiti halafu akaingia kusali nacho.

Kwa hivyo leo.

Leo mchana, baada ya kumpa dawa yake na uji alioutamani, wa mchele na iliki, nilifunga mlango. Nikamwegemeza kwenye mito. Nikaketi chini, si kitandani. Sikuwahi kuketi chini mbele yake tangu nimwoe. Akaona.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikamwambia. Nilianza vibaya. Nilianza na Wafula, na boila, na namna mvuke ulivyokuwa ukikaa ndani ya sufuria, mpaka nikajisikia najisifu, nikanyamaza nikaanza upya. Nikamwambia kamba ile jina lake ni nini. Nikamwambia kuhusu ghala, na nguo nyeupe, na maneno ya yule msimamizi. Nikamwambia daktari alipouliza alikuwa akiuliza kuhusu hiyo, na Sista juzi pia alikuwa akiuliza hiyo, na mimi mara zote mbili nilijibu kwa niaba yake. Nikamwambia, "Wewe uliniambia lakukuna koo. Uliniambia mara tatu. Mimi nilikudharau."

Feni ikazunguka.

Alikuwa akivuta pumzi kama alivyofundishwa, taratibu, vidole vikitembea kwenye tasbihi. Nilidhani analia, sikuthubutu kutazama. Nilipotazama hakuwa akilia. Alikuwa ananitazama mimi kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Na Swafia?" akasema.

Sikuelewa.

"Swafia. Alipokuwa mdogo. Nalikuwa nikimkalisha kwenye mkeka kando yangu nikiipiga. Akilikamata lile vumbi kwa viganja. Akicheka."

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo. Siku arobaini nimekaa na dhambi yangu nikiigeuza kila upande, na mtoto sikumwona. Kwa kuwa sikuwapo uani. Mimi nilikuwa barazani nikipokea sifa.

"Swafia alikuwa mtoto," nikasema, maneno ya kijinga.

"Ndiyo n'nakuuliza."

Nikampigia Sista Kadzo simu pale pale, mama akisikia. Nikamweleza yote, bila kuanza na mvuke. Sista akasema kwa upole kwamba hakuna anayeweza kuapa ni kamba iliyofanya, lakini ugonjwa huu na vumbi lile hujuana sana, na lazima daktari aambiwe. Na Swafia naye aambiwe. Si kila aliyevuta vumbi huugua, akasema, wengi hawaugui. Lakini akapimwe kifua, awaambie madaktari wake habari hiyo, asiguse sigara, na akipata kikohozi kisichokwisha asikae nacho. "Haki yake ni kujua, mzee," akasema. "Wewe unajua. Yeye hajui."

Nikaweka simu. Nikamgeukia mke wangu, na sasa nililitaka lile neno kama mtu mwenye kiu.

"Niwie radhi, Zuhura."

Nilimwita jina lake. Tangu Swafia azaliwe simwiti jina lake.

"Ile radhi ya jana," akasema, "nairudisha. Ile nalimpa mtu mwengine."

Akasogeza punje mbili za tasbihi.

"Mwite Swafia. Mwambie wewe, kwa kinywa chako. Usimtume Sista. Umwambie na mimi niko macho nasikia. Kisha ndipo uje uniombe."

"Na ukikataa?"

"Hilo utalijua ukiomba."

Kisha akaomba nimgeuze kwa ubavu wa kulia. Nikamgeuza. Nilipotaka kumkanda miguu aliivuta, akaikunja ndani ya shuka. Si kwa ukali. Kama mtu anayeondoa kitu chake njiani.

Nimempigia Swafia. Yuko Likoni na wanawe watatu.

"Baba? Mama amezidiwa?"

"La. Mimi nina neno nawe."

"Wewe?" Akacheka kidogo. "Wewe una neno ambalo si la kupika?"

"Njoo kesho, mwanangu. Mapema."

Akasema atavuka na feri ya kwanza.

Sasa jua limeshuka nyuma ya nyumba na wanaume wanapita kwenda kutawadha. Wawili wamenisalimu, "Mpishi, waandika nini leo?" Nikawaambia naandika. Toka alasiri najaribu maneno ya kesho. Mimi ambaye kinywa changu kilijaza viwanja, nikiwafanya mabwana harusi wasahau mabibi harusi wao, sina sentensi moja. Kila nikianza najikuta nimeanza na Wafula, au na ugeni wa mambo haya enzi zile, kwamba hatukujua, kwamba nani alijua. Ni kweli hatukujua. Lakini mke wangu alisema koo lamkuna, na kulijua hilo hakukuhitaji skuli.

Nimefuta yote. Limebaki hili tu: Mwanangu, mama yako aliniambia, na mimi sikumsikiliza, na wewe ulikuwa umekaa kando yake.

Baada ya hapo sijui atafanya nini. Ana macho ya mama yake na ulimi wangu. Pengine atapiga kelele. Pengine atanitazama tu, na hilo naliogopa zaidi.

Asubuhi atabisha hodi. Siku zote akija mimi hupiga kelele kutoka ndani kwamba mlango uko wazi, asukume. Kesho nitainuka nikaufungue mimi.